Dereva amemuua mwendesha boda: kesi ya jinai, fidia mahakamani, au kuelewana nje?

Siku ya tatu au ya nne baada ya ajali, mwili ukiwa bado mochari, watu wa dereva hufika. Huja wawili au watatu, mmoja wao mzee wa maneno matulivu, na bahasha. "Poleni sana, mama. Hatukuja kubishana. Tumekuja kuzika pamoja nanyi." Chai ikishanywewa, karatasi iliyochapwa hutolewa ndani ya bahasha, pamoja na kalamu. Mama huitazama karatasi, humtazama shemeji yake, na shemeji hunitazama mimi.

Nimekuwa mweka hazina wa steji yetu kwa miaka sita sasa, na nimeketi katika vikao vitatu vya namna hiyo. Mimi si wakili. Ninachokijua nimekiokota kwenye korido za mahakama na kwenye meza za mawakili waliokuwa na subira nami. Naandika kwa ajili ya familia ya hapa Kenya iliyo katikati: tumfunge huyu dereva, tudai fidia, au tuelewane yaishe?

Kwanza niseme jambo ambalo hakuna aliyenieleza mara ya kwanza. Njia hizi tatu si milango mitatu ambayo ukiingia mmoja mingine inafungwa. Kesi ya jinai ni ya serikali, na itaendelea au itakwama bila kujali umedai fidia au la. Kesi ya fidia ni yenu. Ni maelewano peke yake yenye uwezo wa kufunga mlango mwingine, na huufunga kwa sahihi moja. Kwa hiyo mnachochagua hasa ni pa kupeleka nguvu na pesa zenu kidogo, na karatasi ipi msiitie mkono kwa sasa.

Nitazipima zote kwa maswali yale yale: nani anaiongoza, inataka ushahidi gani, inachukua muda gani na gharama gani, mwishowe mnapata nini, na inamfaa nani.

Kabla ya kuchagua: pale barabarani

Zote tatu hula chungu kimoja, nacho ni ushahidi wa saa za mwanzo. Marehemu hawezi kupanda kizimbani. Wanaosema kwa niaba yake ni vipande vya taa, alama za tairi na mahali pikipiki ilipolala.

Kuna ajali tuliyoifuatilia ambapo dereva alisema kijana wetu aliingia upande wake. Mchoro wa polisi ulipotoka ulionyesha waligongana karibu na mstari wa katikati. Lakini muuza mahindi aliyekuwa ng'ambo ya barabara alikuwa amepiga picha moja kabla mtu hajagusa kitu: vioo vya taa ya mbele na kiatu kimoja cha kushoto, vyote ndani ya upande wetu, kama mita moja tu kutoka ukingo wa lami. Picha ile ya simu yenye kioo kilichopasuka ndiyo iliyobishana na mchoro, na ikasikizwa.

Sasa nitasema neno ambalo wenzangu hawalipendi. Najua hasira inayopanda steji nzima mwenzetu akiwa amelala chini ya gari. Nimeiona petroli ikimiminwa. Lakini gari likishaungua, mkaguzi wa magari hana breki za kukagua, kamera ya dashibodi imeyeyuka, na dereva aliyetoroka amepata sababu nzuri ya kueleza kwa nini hakusimama. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva asimame baada ya ajali na, asipotoa majina na maelezo yake pale pale, aripoti polisi ndani ya saa 24. Tukimfukuza kwa mawe, kosa hilo tunamfutia sisi wenyewe.

Pigeni picha za namba za gari, stika ya bima, barabara yote kutoka pande zote mbili, na mashahidi waandike namba zao za simu. Kituoni, hakikisheni tukio limeingia kwenye OB, yaani kitabu cha matukio cha kituo, na mpewe namba yake. Baadaye mtaomba abstrakti ya polisi, yaani muhtasari rasmi wa ajali. Someni kila mstari wake: jina la dereva, jina la mwenye gari, kampuni ya bima, namba ya bima na tarehe ya kuisha. Nimeona abstrakti yenye herufi moja ya namba ya gari iliyokosewa ikirudisha familia nyuma miezi miwili.

Njia ya kwanza: kesi ya jinai

*Nani anaiongoza.* Si ninyi. Polisi wa trafiki wanachunguza, faili inakwenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na uamuzi wa kushtaki au kuacha ni wake chini ya Kifungu cha 157 cha Katiba. Familia ni waathiriwa, na pengine mashahidi. Hata hivyo hamkai tena kule nyuma kama watazamaji tu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kujulishwa kesi imefika wapi na ya kutoa maoni yenu, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba waathiriwa wanaweza kushiriki kesi inaposikizwa, wao wenyewe au kupitia wakili, kwa kiasi atakachoruhusu jaji au hakimu. Kwa vitendo, familia inayofika kila tarehe na kumsalimu kiongozi wa mashtaka kwa jina hupata habari. Isiyofika husikia kwamba kesi iliisha mwezi uliopita.

Shtaka lenyewe likiwa zito ni la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa njia ya hatari, Kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 10, na mahakama inatakiwa kufuta leseni na kumzuia mtu huyo kupata nyingine kwa miaka 3 tangu siku ya kupatikana na hatia au siku ya kumaliza kifungo, ipi iliyo ya baadaye. Kifungu hicho hakimgusi tu anayekimbiza gari. Kinamgusa pia anayeliacha barabarani mahali au katika hali ya hatari. Lori bovu lililoachwa usiku bila taa wala viakisi, na boda akalivaa kwa nyuma: hilo nalo limo, ingawa watu wengi hudhani mwenye lori hana kosa kwa kuwa lilikuwa limesimama.

*Ushahidi.* Hapa ndipo pagumu. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe bila kuacha shaka ya msingi. Kifo peke yake hakitoshi. Mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba pawe na hali ya hatari na pia kosa la dereva lililoleta hali hiyo. Shahidi anayesema "nilisikia kishindo nikageuka" amesaidia kidogo sana. Ushahidi ukiwa mwembamba, shtaka huteremka na kuwa la kuendesha bila uangalifu, Kifungu cha 49, ambalo adhabu yake ni ndogo mno. Ulizeni mapema ni kifungu kipi kimeandikwa kwenye hati ya mashtaka. Namba 46 na namba 49 zimetenganishwa na tarakimu chache tu, lakini kwa familia ni dunia mbili.

*Muda na gharama.* Dereva kwa kawaida huachiliwa kwa dhamana, na kesi huahirishwa: leo shahidi hayupo, kesho daktari wa upasuaji wa maiti yuko kaunti nyingine. Hamlipi wakili ila mkitaka wenu wa kuwasimamia kama waathiriwa. Gharama yenu ni nauli na siku za kazi zilizopotea.

*Mnachopata.* Hukumu, na rekodi ya umma kwamba mtu wenu hakujiua mwenyewe. Kwa baadhi ya familia nilizokaa nazo, hilo lilikuwa na uzito kuliko pesa yoyote. Lakini jiandaeni: Kanuni ya Adhabu inairuhusu mahakama kutoza faini badala ya kifungo, na wapo madereva wanaolipa faini siku hiyo hiyo na kutoka kwa mlango ule ule mliotokea ninyi. Faini hiyo inaingia kwa serikali, si mkononi mwa mjane. Kabla ya adhabu kutolewa mnayo nafasi ya kuieleza mahakama hasara mliyoipata. Itumieni. Andikeni ukurasa mmoja, msome polepole.

Faida nyingine haionekani kwa haraka. Kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kwamba hukumu ya jinai iliyokwisha, rufaa ikiwa imeamuliwa au muda wake umepita, ni ushahidi kamili kwamba aliyehukumiwa alikuwa na hatia. Hukumu hiyo mnaibeba hadi kwenye kesi ya fidia. Kinyume chake hakina nguvu hiyo: dereva akiachiliwa huru, bado mnaweza kumdai, maana kipimo cha kesi ya madai ni chepesi zaidi.

*Inamfaa nani.* Familia yenye mashahidi wa macho walio tayari kurudi mara tatu nne, dereva aliyekuwa mlevi au aliyekimbia, au gari lisilo na bima na mwenye gari asiye na mali, ambapo kudai fidia ni kukamua jiwe. Mkurugenzi wa Mashtaka akikataa kushtaki, yapo mambo mawili ya kumuuliza wakili: uchunguzi wa hakimu kuhusu chanzo cha kifo, na mashtaka ya kibinafsi. La pili ni gumu na linahitaji ruhusa ya mahakama.

Njia ya pili: kesi ya fidia

*Nani anaiongoza.* Ninyi, kupitia wakili wenu. Mnamshtaki dereva pamoja na mwenye gari. Usimwache mwenye gari, maana dereva wa kuajiriwa mara nyingi hana kitu, na bima iko kwa jina la tajiri wake. Sheria inamchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, ndiyo maana wakili ataomba nakala ya rekodi ya gari kutoka NTSA, mamlaka inayosajili magari.

Nyuma yao wote imesimama kampuni ya bima. Sheria ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, inailazimisha kulipa hukumu dhidi ya mteja wake, lakini kwa masharti. Lazima ipewe notisi kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa. Na dhima inayolazimishwa na sheria hiyo haizidi shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo mnakifuata kwa mwenye gari mwenyewe.

Niseme hapa kitu kinachowachanganya wenzangu wengi. Bima ya mtu wa tatu ya pikipiki ya marehemu haimlipi marehemu. Yeye si mtu wa tatu kwa bima yake mwenyewe. Abiria wake wanaweza kuidai. Familia yake inadai kwa bima ya gari lililomgonga.

*Ushahidi.* Mnahitaji kuonyesha kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa dereva alizembea. Kisha mthibitishe mambo mawili: nani walimtegemea marehemu, na alikuwa akipata kiasi gani.

Wategemezi chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, ni mke au mume, wazazi na watoto. Ndugu hawamo. Nimemwona kaka aliyesomeshwa na marehemu tangu darasa la nne akiambiwa hivyo na akakosa la kusema. Kuna pia dai la pili, la mirathi ya marehemu mwenyewe chini ya Sura ya 26, kwa maumivu aliyoyapata kabla ya kufa na kwa kufupishiwa maisha. Hili la pili linahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa hiyo safari huanza na barua ya chifu na cheti cha kifo, kisha hati ya usimamizi, hata kama ni ile ya muda ya kufungulia kesi tu. Palipo na wake wawili, kaeni chini mmalize hilo kabla ya kwenda kwa wakili. Wakili wa bima hupenda sana familia inayogombana.

Kipato cha boda ni kazi kukithibitisha, lakini si muhali. Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2005 kwamba stakabadhi si njia pekee ya kuthibitisha mapato. Taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, daftari la chama, risiti za mkopo wa pikipiki, ushahidi wa mwenyekiti wa steji: vyote husaidia. Bila hivyo, mahakama inaweza kushika kima cha chini cha mshahara au kutoa jumla moja ya kukadiria.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Chukua kijana aliyebakiwa na shilingi 20,000 kwa mwezi baada ya mafuta na matengenezo. Zidisha kwa 12, ni 240,000 kwa mwaka. Tuseme mahakama imeona angefanya kazi miaka 20 zaidi: 4,800,000. Ikachukua theluthi mbili kuwa ndiyo iliyokuwa ikienda kwa familia: 3,200,000. Halafu wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza kama marehemu alikuwa na kofia ya chuma, jaketi yenye viakisi, leseni, na alikuwa amebeba abiria wangapi. Sheria inataka kofia na jaketi, na inaruhusu abiria mmoja tu. Mahakama ikimpa marehemu asilimia 30 ya lawama, zinatoka 960,000, zinabaki 2,240,000. Ni mfano wangu tu, lakini ndio mkeka ambao mabishano yote huchezewa juu yake. Na kumbuka hata dereva aliyehukumiwa katika kesi ya jinai anaruhusiwa kudai kwamba marehemu naye alichangia.

*Muda na gharama.* Sheria inawapa miaka 3 tangu siku ya kifo kufungua kesi. Kama gari ni la serikali, msitegemee miaka 3: sheria ya kuishtaki serikali kwa uzembe inataka miezi 12. Kesi yenyewe nimeona moja ikiisha ndani ya mwaka na nusu, na nyingine ikivuka wa nne. Kuhusu wakili, makubaliano kwamba atalipwa tu mkishinda hayana nguvu kisheria hapa Kenya, ingawa mtayasikia yakinong'onwa. Ombeni ada na gharama ziandikwe tangu siku ya kwanza, na muulize hundi ya bima itaandikwa jina la nani. Familia moja ya steji yetu ilijua fedha zimelipwa miezi minane baada ya kulipwa, na waliambiwa na karani wa bima, si na wakili wao.

*Mnachopata.* Pesa za kusomesha watoto, na gharama za mazishi mkitunza risiti. Hamfungi mtu. Dereva huenda asitoe hata senti yake, na kesho mkamwona usukanini.

*Inamfaa nani.* Familia iliyoachiwa watoto wadogo, gari lenye bima hai, na mtu mmoja mtulivu wa kushika faili. Haimfai anayetegemea pesa hizo kulipa kodi ya mwezi ujao.

Njia ya tatu: kuelewana nje

*Nani anaiongoza.* Inategemea mnaelewana na nani. Kuelewana na kampuni ya bima, baada ya barua ya madai ya wakili, ni jambo la kawaida na la heshima. Kesi nyingi za madai hatimaye huishia huko. Kuelewana na dereva au jamaa zake sebuleni kwa marehemu, mwili ukiwa haujazikwa, ni jambo lingine kabisa, na msiruhusu neno moja "maelewano" liyafunike yote mawili.

*Ushahidi.* Kidogo. Hilo ndilo tamu lake. Familia ambayo mashahidi wake wamehama au ambayo marehemu alikuwa na makosa yake barabarani inaweza kupata kitu bila kuhatarisha kukosa vyote.

*Muda na gharama.* Wiki au miezi michache. Gharama ni ndogo kwa fedha taslimu. Gharama ya kweli imo ndani ya karatasi: "Tumepokea kiasi hiki kama malipo kamili na ya mwisho, na hatutadai kitu kingine chochote dhidi ya dereva, mwenye gari au bima." Maneno "kamili na ya mwisho" ndiyo huufunga mlango wa pili. Nimesoma karatasi ya namna hiyo iliyolipa jeneza, usafiri wa mwili na magunia mawili ya mchele. Watoto walikuwa watatu, mdogo wao hajaota meno.

*Mnachopata na msichoweza kuuza.* Dai la fidia ni mali yenu, mnaweza kulimaliza kwa bei mtakayo. Kesi ya jinai si mali yenu. Kosa lenye adhabu ya miaka 10 ni jinai nzito, na kupokea pesa kwa makubaliano ya kulificha au kuacha kulishtaki ni kosa lenyewe chini ya Kanuni ya Adhabu. Watu watawatajia uamuzi wa mwaka 2013, ambapo Mahakama Kuu iliruhusu mashtaka ya mauaji yaondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini, na ni kweli Katiba, Kifungu cha 159, inahimiza njia za jadi za kupatanisha. Lakini pale ombi lilitoka kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na mahakama ikaridhia. Familia haikuificha kesi chini ya mkeka.

Kwa hiyo karatasi inayosema "tumesamehe na tunapokea rambirambi" haina shida. Inayosema "mashahidi wetu hawatafika mahakamani" ina shida kubwa, na anayebaki nayo mkononi ni mjane.

*Inamfaa nani.* Ushahidi ukiwa mwembamba, lawama zikiwa za pande mbili, au bima ikitoa kiasi ambacho wakili wenu, akifanya ile hesabu ya theluthi mbili, anaona hakiko mbali na ambacho mahakama ingetoa. Inafaa pia pale dereva na marehemu ni watu wa kijiji kimoja na watoto wao wanasoma darasa moja. Hilo si dogo, na siwezi kumlaumu mzee anayelipa uzito.

Kando kidogo: kama marehemu alikuwa ameajiriwa

Waendesha pikipiki wengi ni wa kujitegemea, lakini wapo wanaobeba vifurushi kwa mshahara wa kampuni. Huyo ana njia ya ziada: Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya 2007. Haiulizi nani alikosa. Inaangalia kama alikufa akiwa kazini, na fidia ya kifo kwa wategemezi ni mapato ya miezi 96. Dai linatakiwa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Mwajiri akisema marehemu alikuwa "mshirika" na si mfanyakazi, msikubali kwa mdomo; pelekeni mkataba kwa wakili.

Kwa hali yenu

Dereva alitoroka na gari halijulikani: njia ya pili na ya tatu bado hazipo, maana hamna wa kumdai. Nguvu zote ziende kwa polisi: kamera za petroli stesheni na za maduka ya karibu (nyingi hujifuta baada ya siku chache, nendeni leo), vipande vya bampa, na magereji ya njiani.

Dereva anajulikana, bima iko hai, watoto ni wadogo: anzeni hati ya usimamizi na barua ya madai, huku mkihudhuria kesi ya jinai. Mara nyingine ni busara kungoja hukumu ya jinai ili kutumia ile 47A, mradi mtu mmoja ameandika ukutani tarehe ambayo miaka 3 inaisha.

Gari halina bima na mwenyewe hana mali: kesi ya jinai, na maelewano ya wazi kuhusu gharama za mazishi yasiyotaja mashahidi.

Gari ni la serikali: wakili wiki hii, kwa sababu ya ile miezi 12.

Marehemu hakuwa na leseni wala kofia: msikate tamaa wala msifiche. Dai halifi, linapunguzwa. Ofa ya bima iliyo chini kidogo huenda hapa ikawa na maana kuliko ilivyo kwa familia nyingine.

Watu wa dereva wako mlangoni sasa hivi na bahasha: wakaribisheni, pokeeni pole, na mchango wa mazishi ukipokelewa uandikwe hivyo hivyo, mchango wa mazishi. Karatasi yao ibaki juu ya meza. Mzee wetu mmoja alikuwa na jibu zuri: "Sisi hatuandiki kabla ya kuzika."

Na kama kalamu ilishashikwa, karatasi ilishatiwa sahihi na nusu ya pesa imeshaliwa na matanga, chukueni nakala mpeleke kwa wakili hivyo hivyo. Swali la kwanza atakalouliza ni kama aliyeweka sahihi alikuwa na hati ya usimamizi wa mirathi siku ile.